Taa Zenye Rangi Pembeni

Kuna watu wanaodhani kuchagua taa za ukutani ni kazi ya kupitia dukani ukienda kununua sukari. Nyawira, mpambaji wa nyumba, alikuwa amekutana nao wengi, na hakuwa na hamu ya kuongeza wengine. Huja na picha kwenye simu, taa ya dhahabu yenye vioo vinavyoning'inia kama hereni, waliyoiona katika hoteli fulani ya Dubai, wakataka ibandikwe kwenye sebule ya Karatina iliyopakwa kijani. Ukiwaambia haitapendeza, wanakuuliza ulisomea wapi.

Mzee Gathogo hakuwa wa aina hiyo. Alikuwa na hoteli nje kidogo ya Gatitu, mahali mji wa Nyeri unapoanza kusahau kwamba ni mji. Aliijenga kidogo kidogo tangu alipokuwa na bucha, chumba baada ya chumba, yote kwa mawe ya kijivu ya Nyeri, na sasa alikuwa amemaliza upande mpya. Kati ya mapokezi na chumba cha kulia kulikuwa na korido ndefu isiyo na dirisha hata moja, na katikati yake kidato kimoja cha mawe, kwa sababu kilima hakikukubali kusawazishwa. Korido hiyo ndiyo iliyomleta Nyawira. Ilihitaji taa za ukutani.

Siku ya kwanza mzee alimwuliza jina. Aliposikia "Nyawira", alisimama, akavua kofia.

"Nyawira ni mama yangu," akasema.

Hakuwa anatania, au tuseme alitania nusu. Kwa Wakikuyu jina halizikwi na mtu. Mtoto hupewa jina la nyanya au la babu, na yeyote mwenye jina la mama yako ni mama yako, hata kama alizaliwa juzi na bado anavaa viatu vya raba kazini. Kuanzia siku hiyo Gathogo alimwita Mami. Hakuketi kabla Nyawira hajaketi, na chai ilipoletwa, kikombe cha kwanza kilikuwa chake. Wafanyakazi wa jikoni walichungulia mlangoni wakicheka. Nyawira alicheka pia, ingawa aliona haya, na yeye aliendelea kumwita Mzee kama alivyolelewa.

"Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu," Gathogo alimwambia. "Sasa wewe nifunze, Mami. Mimi taa sijui. Nyama ndiyo najua."

Hoteli hii ilikuwa ya kwanza kwa Nyawira. Kabla ya hapo alikuwa amepamba nyumba za watu, saluni mbili na kliniki moja ya meno. Alijua kwamba ikimwendea vizuri, hoteli nyingine kutoka Nyeri hadi Nanyuki zingemsikia, na ikimwendea vibaya zingemsikia upesi zaidi. Kwa hiyo alifanya kazi kwa utaratibu wake, ambao hakuuvunja kwa ajili ya mtu: taa haichaguliwi dukani. Dukani ukuta ni mweupe, na kila taa iliyowekwa kwenye ukuta mweupe ni bibi harusi. Jiwe la Nyeri hunywa mwanga. Lazima uichukue taa moja moja, uipeleke kwenye ukuta wake, uiwashe, na ukae nayo.

Gatimu, fundi wa stima, alivuta waya wa muda na kufunga kibao ukutani, ili sampuli ziweze kutundikwa na kutolewa bila kutoboa mawe. Ya kwanza ilikuwa ya kioo cheupe kilichochongwa. Gathogo alikuja, akasimama, akainamisha kichwa upande mmoja kama kuku anayemwangalia mwewe.

"Ni nzuri. Lakini iko na rangi hapa pembeni. Kama ile ya mvua ikiisha. Hiyo sipendi."

Nyawira hakuona rangi yoyote. Lakini alijua kioo kilichochongwa vibaya huvunja mwanga vipande vipande, na akajiambia kwamba huenda macho yake yamechoka kwa kutazama taa kutwa. Kwa kweli alifurahi. Mteja anayeona kasoro ndogo hivyo ni baraka, alimwambia Gatimu, maana atajua kuona na uzuri pia.

Akaleta ya pili, yenye kioo cha rangi ya maziwa, kisichochongwa popote. Mzee akainamisha kichwa. "Hata hii iko nayo."

Nyawira akailaumu balbu. Akabadilisha, akaweka yenye mwanga wa manjano kidogo, ule unaofanya uso wa mtu uonekane amelala vizuri. Bado. Akaleta taa yenye kivuli cha kitambaa. Mzee akakisifu kitambaa, akakipapasa, kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeona haya kusumbua watu, kwamba rangi ziko pale pale juu, mahali balbu inapochungulia.

"Huyu mzee anatuzungusha tu," Gatimu alinong'ona akikunja waya. "Ati rangi. Mimi hapa naona taa, na ukuta. Hakuna kitu ingine."

"Mzee ana jicho," Nyawira akamjibu kwa ukali. Alikuwa anamtetea, na pia alikuwa anajitetea mwenyewe, maana alikuwa ameanza kuogopa.

Woga wake ulikuwa na sababu. Jumapili iliyokuwa inakuja, watu wa kanisa wangekuja kuombea upande ule mpya. Mwenye nyumba ndiye hutangulia, mchungaji nyuma yake, na waalikwa wote wakifuata wakiimba, kutoka mapokezi hadi chumba cha kulia. Gathogo alitaka kupita korido hiyo taa zikiwaka.

"Mami, kama hutapata, itabidi niite wale watu wa Nairobi," alisema. "Itaniuma. Lakini siku hiyo sitaki giza."

Basi Nyawira akaenda Nanyuki kwa Fardowsa. Mama huyu alikuwa na duka la mapazia, mazulia na taa, na nyuma ya duka, uani, wachomeleaji waliomfanyia kazi za chuma. Walikuwa wameuziana na kubishana kwa muda mrefu kiasi cha kuitana dada bila unafiki. Nyawira akamweleza shida yake: mteja wake anaona rangi za upinde wa mvua pembeni mwa kila taa.

Fardowsa akawasha duka lote. Akazunguka na Nyawira taa kwa taa, mkono kiunoni.

"Rangi iko wapi? Nionyeshe, dada. Hii? Hii je?" Hawakuona kitu. Fardowsa akatafakari, kisha akasema neno la mfanyabiashara. "Kama kioo ndiyo inaleta hiyo maneno, wachana na kioo. Kuja uone."

Uani, kwenye meza iliyojaa vumbi la chuma, kulikuwa na taa iliyokunjwa kutoka bamba moja jeusi. Haikuwa na kioo wala kitambaa. Bamba lilijikunja kama kiganja kilichofunikwa, balbu ikajificha ndani, ili mwanga uteleze chini kwa ukuta hadi sakafuni. Nyawira alipitisha kidole kwenye maungio asikute donge hata moja. Aliiegemeza kwenye jiwe la msingi wa duka, wakaiwasha kwa waya mrefu, na jiwe lile lililokaa hapo miaka bila kutazamwa na mtu likaonyesha kila alama ya patasi. Hiyo ndiyo ilikuwa taa ya korido ile, na kama Gathogo angeikataa hii, basi hakukuwa na taa ya kumridhisha duniani.

Kesho yake alasiri Gatimu aliitundika. Korido ilikuwa giza kama kawaida yake, mchana au usiku ni mamoja. Alipobonyeza swichi, hata yeye aliyekuwa amechoka na sampuli alirudi nyuma hatua.

"Ehe! Hii sasa ndiyo kitu."

Wakamsikia mzee akija kutoka mapokezi. Alikuja polepole, mkono wake wa kushoto ukipita juu ya mawe. Nyawira alikuwa ameuona mkono huo mara nyingi, akadhani ni mapenzi ya mtu kwa ukuta aliojenga mwenyewe. Alipofika kwenye kidato, alikigusa kwanza kwa ncha ya kiatu, ndipo akapanda. Akasimama chini ya taa. Akatazama jiwe, na uso wake ukafunguka.

"Mami. Jiwe yangu imeamka." Kisha akainua macho kuelekea balbu ndani ya lile bamba, na furaha ikamtoka. "Lakini rangi bado iko."

Nyawira alitazama taa. Bamba la chuma jeusi na balbu ya kawaida. Hakukuwa na kitu cha kuvunja mwanga pale, hata kwa mtu anayetafuta sababu ya kukataa.

"Ni rangi gani, Mzee?"

"Nyekundu huku nje, buluu huku ndani. Kama kawaida. Taa za siku hizi zote ziko hivyo. Hata za gari. Hata mwezi…"

Alikuwa amejisikia mwenyewe. Kuna fundi anayeweza kutengeneza taa mbaya, na kiwanda kinachoweza kutengeneza gari baya, lakini mwezi haujatengenezwa upya.

Maneno kama hayo Nyawira alikuwa ameyasikia zamani, huko Gakindu, kwa nyanya yake aliyempa jina. Bibi yule alikuwa akisema taa ya chemni imevaa shanga. Watu wa nyumbani walicheka, wakasema ni moshi wa jikoni, wakasema ni uzee, wakasema nyanya anaona malaika. Walipokuja kumpeleka kwa daktari wa macho, daktari aliwaambia ni presha ya macho, kwamba ingeweza kuzuiwa mapema, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Nyanya aliishi miaka mingine mingi akiwatambua wajukuu kwa kuwapapasa vichwa.

Sasa kila kitu alichokiona katika hoteli hii kiligeuka mbele yake. Mkono ukutani na kiatu kwenye kidato. Kikombe ambacho siku moja mzee alikiweka nje ya ukingo wa meza, kikavunjika, akamkaripia mhudumu. Kichwa kile kilichoinama upande, kikitafuta pembe ambayo bado inaona. Amri yake ya tangu mwanzo kwamba, liwe liwalo, taa moja lazima ikae kwenye kidato. Alikuwa amemwona mteja makini, kumbe mtu alikuwa anajichorea njia kabla haijafutika.

"Gatimu," akasema, "niletee ile ngazi kubwa iliyo nje."

"Ngazi ya nini? Imefungwa tay—"

"Nenda tu."

Gatimu alimtazama, akaenda.

Nyawira angeweza kunyamaza. Nafsi yake ilimshauri hivyo, tena kwa sababu nzuri. Aliitwa kwa ajili ya taa, si kwa ajili ya macho. Ni binti wa watu, hana undugu na mzee huyu, na katika nchi hii binti hamwambii mzee wa umri ule kwamba anakuwa kipofu katika nyumba yake mwenyewe. Angesema tu, sawa, nitakuletea nyingine. Wale wa Nairobi wangekuja na taa zao, rangi zingebaki pale pale, na siku moja mzee angeamka asizione, wala hizo rangi, wala taa.

"Mzee," akasema, "taa haina rangi."

"Unaniambia mimi ni mwongo?"

"Hapana. Nasema rangi unaiona. Lakini haiko kwa taa. Iko kwa macho."

Uso wa Gathogo ukajifunga. "Nilikuita wa taa. Sikukuita daktari."

"Najua."

"Hujui!" Sauti yake ikagonga mawe. "Macho ya baba yangu yalipoisha, aliketishwa kwa kiti karibu na ghala. Asubuhi wanamtoa, jioni wanamrudisha. Watu walikuwa wanagawana shamba lake wakisimama mbele yake, kama yeye ni gunia ya viazi. Hakuna mtu aliuliza yeye anasema nini. Wewe unataka mimi niketishwe hapo mapokezi, na kofia, wageni wakinizunguka? Mimi nitatembea hapa Jumapili na miguu yangu. Na wewe ukiambia mtu yeyote, chukua taa zako, kazi imeisha."

Nyawira aliogopa, si uongo. Aliiona hoteli yake ya kwanza ikiondoka, na zile nyingine hadi Nanyuki zikiifuata. Alimwonea mzee huruma na wakati huo huo alimkasirikia, hasira ile ya kumwona mtu mzima akijificha nyuma ya pazia huku miguu yake inaonekana. Hasira ndiyo iliyomsaidia.

"Gathogo," akasema.

Mzee alishtuka. Watu walimwita Mzee, au Baba, au Mwenyekiti. Hakuna aliyemwita hivyo, kavu kavu, tangu siku walipomzika mama yake.

"Gathogo, kaa chini."

Hakuna ajuaye nani alishangaa zaidi, yeye au Nyawira. Lakini aliketi. Aliketi pale pale kwenye kidato, kofia magotini.

"Wewe ndiye uliniita Mami. Mimi sikukuomba. Ukanivulia kofia, ukanipa chai ya kwanza, watu wakaona. Ukaniambia asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sasa mimi nakufunza. Baba yako aliketishwa kwa sababu hakuna mtu alimpeleka hospitali mapema. Wewe bado unaona njia. Kesho asubuhi tunaenda kwa daktari wa macho, mimi na wewe. Kama hutaki, sawa, lakini usiniite Mami tena. Niite fundi, nichukue taa zangu, niende."

Nje, Gatimu alisikika akiburuta ngazi ambayo hakuna aliyeihitaji. Mzee alizungusha kofia yake ukingo kwa ukingo. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, labda akidhani gizani hayaonekani. Lakini alikuwa ameketi chini ya taa.

"Mama yangu alikuwa na mdomo hivyo hivyo," akasema mwishowe. Akainuka, akashika ukuta, akaenda zake bila kusema ndiyo wala hapana.

Usiku ule Nyawira hakulala vizuri. Alijiambia kwamba amefanya haki, kisha akajiambia kwamba haki hailipi kodi, na hakuna neno kati ya hayo lililomtuliza. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia majani ya kahawa, aliwasha gari lake na kwenda Gatitu bila kuitwa. Alimkuta mzee amesimama langoni, amevaa koti la kanisani, kofia kichwani, viatu vimepigwa rangi.

"Umechelewa, Mami," akamwambia.

Foleni ya kliniki ilikuwa ndefu, wakaketi kwenye benchi. Gathogo aliweka kofia yake sawa. Halafu akauliza, "Na taa?"

"Zile za chuma. Kwenye kidato nitaweka mbili, huku na huku, chini kidogo kuliko zingine, ndiyo ule ukingo uonekane vizuri."

"Hizo ziko sawa," mzee akasema. "Hata na rangi yake."

Daktari alimpima mzee muda mrefu, akawaambia bila kuzunguka. Ilikuwa presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limebaki na kidogo sana, na kilichokwenda kimekwenda. La kulia lingeweza kutunzwa. Angerudi wiki ijayo lifanyiwe matibabu madogo, na kuanzia leo kuna dawa ya matone, asubuhi na jioni, maisha yake yote, bila kuruka hata siku anapojisikia mzima. Gathogo alisikiliza huku mikono yake imeshika magoti. Alipoambiwa la kulia litatunzwa, aliomba aambiwe tena.

Muuguzi mmoja akaja na chupa ndogo ya dawa. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye haraka.

"Wazee wengi wanasahau hii dawa, na ndiyo inawamaliza. Nyumbani ni nani atakuwa anakukumbusha, Mzee?"

"Mama yangu," Gathogo akasema.

Muuguzi alimtazama mvi, kisha akatazama benchi lote nyuma yao akitafuta ajuza.

"Mama yako bado yuko? Bwana asifiwe! Yuko wapi?"

"Si huyu."

Muuguzi akamtazama Nyawira, na viatu vyake vya raba, na mdomo ukabaki wazi. Watu wa foleni wakageuka. Wengine, waliozijua desturi za majina, walianza kutabasamu. Nyawira hakuona haya. Alinyoosha mkono akapokea chupa, akaifungua, akasimama mbele ya mzee.

"Vua kofia, Gathogo. Angalia juu."

Mzee akavua kofia. Akaangalia juu, moja kwa moja kwenye taa ya dari, na hakusema lolote kuhusu rangi.